Taa ya Betri Imewaka: Mkosa ni Nani?

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Walinena kweli. Lakini mtu akiona wingu akakimbilia kubomoa paa la nyumba yake, hatutasema amewatii wahenga. Tutasema amepotewa na akili. Na hivyo ndivyo tufanyavyo wengi wetu wenye magari, siku ile taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri inapowaka mbele ya usukani. Hatuulizi, hatupimi. Twakimbilia dukani kununua betri.

Nasema "twakimbilia" kwa sababu nami nilikimbia. Nikamlipa muuzaji, nikamwachia betri yangu ya zamani, nikaondoka nikijiona mtu mwerevu. Aliyenifumbua macho ni fundi kijana wa Sori, mji mdogo ulioko ukingoni mwa ziwa Viktoria katika wilaya ya Nyatike, kaunti ya Migori. Leo nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu wa pwani alichonifundisha, kwani naona maradhi haya yapo kwetu pia, tangu Kongowea hadi Malindi.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mwalimu huko Sori. Alikuwa amepasuliwa tumbo, na daktari wake wa Mombasa alimtaka afike kwake Jumatatu asubuhi bila ya kukosa. Mtu mwenye mshono mbichi huwezi kumpakia katika basi la usiku akapigwa na kila tuta. Dada yangu akaniambia, "Kaka, gari unalo na nguvu unazo. Nenda ukamchukue mwanao." Nami nikafunga safari ya karibu kilomita 900.

Siku ya pili, baada ya Nairobi, nilipita kipande cha barabara ya kokoto. Gari likitikisika taa ile huwaka; likitulia, huzimika. Nikajiambia ni waya tu umelegea. Jioni haikuzimika tena. Asubuhi ya Ijumaa, katika mji mmoja wa njiani, nilipogeuza ufunguo gari lilitoa mlio mmoja wa kuchoka kisha likanyamaza. Akaja kijana wa duka la vipuri. Hata boneti hakuliinua sawasawa. Akasema, "Mzee, taa yasema betri. Betri imekufa." Shilingi elfu tisa na mia tano nikatoa bila ya kutia neno. Betri mpya ikafungwa, gari likanguruma kama simba. Lakini taa ikawa ingali inawaka. Nikamwuliza, naye akanijibu, "Itazimika yenyewe ukitembea kidogo."

Niliswali Ijumaa Migori, kisha nikakata upande wa magharibi kuelekea ziwani. Taa haikuzimika. Naam, mara moja gari liliporuka shimo ilizimika, nikasema alhamdulillahi, na kabla sijamaliza kushukuru ikawaka tena.

KIBANDA CHA BETRI ZA WAVUVI

Nilifika Sori yapata saa tisa za mchana. Mpwa wangu, alipoiona ile taa, akasema, "Mjomba, na hili ndilo gari la kunifikisha Mombasa?" Akanielekeza kwa fundi mmoja karibu na ufuko.

Watu wa pwani tukisikia uvuvi fikira zetu huenda kwenye ngalawa, nyavu na maji ya bamvua. Kule ziwani wana omena, wale dagaa wadogo wavuliwao usiku wa giza kwa mwangaza wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi kubwa, na wavuvi wengi hupumzika. Zamani walitumia karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wamehamia kwenye taa za umeme wa betri. Basi fundi yule, mbali na kutengeneza magari, kazi yake nyingine ni kuzitia umeme betri za wavuvi. Kibandani mwake zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, na mezani palikuwa na chombo kimoja ambacho sikukiona kwa yule wa duka la vipuri: mita ya kupimia umeme.

Nikamwambia, "Fundi, nimeuziwa betri mbovu. Niangalizie nyingine."

Akacheka kidogo, akasema, "Mzee, ngoja kwanza. Mimi leo sina wakati wa kubahatisha. Jua likitua nafunga. Sabato yangu yaanza."

Katika sehemu zile za Nyanza ya Kusini Wasabato ni wengi. Wamisionari wao walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, tangu mwaka 1906. Na jambo la Sabato kuanza Ijumaa magharibi halikunishangaza, kwa kuwa hata kwetu sisi Waswahili jua likizama siku ya Ijumaa huwa ni usiku wa Jumamosi. Lakini moyo ulinidunda. Nisipohudumiwa kabla ya magharibi, hadi Jumapili. Na nikiondoka Sori Jumapili kwa mwendo wa mgonjwa, Jumatatu asubuhi Mombasa siioni.

Basi mtu mwenye saa tatu tu alianza na nini? Hakuanza na spana. Alianza na maswali.

"Taa iliwaka ghafula, au ilianza kwa kuwaka na kuzima?"

Nikamweleza habari za kokoto na mashimo.

"Ulisikia mlio kama wa paka ulipokanyaga mafuta?"

Nikasema la.

"Taa za mbele hufifia?"

Nikasema jana jioni zilififia.

Ndipo akafungua boneti. Akaubonyeza kwa kidole gumba mkanda unaozungusha altaneta. Ulikuwa mkavu na umekaza. Mkanda uliolegea au kulowa mafuta huteleza, na mara nyingi hulia. Akavitikisa vichwa vya betri kuona kama vimelegea au vimeota ule unga mweupe wa kutu. Vilikuwa safi. Kisha akachukua mita. Gari likiwa limezimwa, betri yangu mpya ilisoma volti 11.9. Akawasha gari, akapima tena: 11.7. Akaigusa na altaneta yenyewe kwa nyuma: ile ile 11.7.

"Umeona, mzee?" akaniambia. "Betri iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6. Gari likinguruma, yafaa isome karibu 14, kwa sababu altaneta yaitilia. Yako injini ikiwaka yashuka badala ya kupanda. Na kwa kuwa altaneta nayo yasoma vile vile, waya mkubwa wa kati yao haujakatika. Betri yako haina kosa. Yatoa tu, haipewi."

Msomaji wangu, maneno hayo mawili, yatoa na haipewi, ndiyo kiini cha jambo lote hili.

TAA ILE YASEMA NINI HASA?

Kazi ya betri katika gari ni kuliamsha. Gari likishaamka, altaneta, ile mashine ya kufua umeme iliyochukua nafasi ya dainamo za zamani, huzungushwa na injini, ikalisha taa, honi na kila kitumiacho umeme, na kinachobaki ikairudishia betri. Katika gari la kawaida la zamani ile taa nyekundu imefungwa katikati ya wawili hao. Upande mmoja yapata umeme wa betri. Upande wa pili umeme wa altaneta. Ni kama watu wawili wavutao kamba. Wakilingana nguvu kamba haisogei, na taa huzimika. Mmoja akilegea umeme hupita upande wake, na taa huwaka. Kwa hiyo taa ile haisemi "betri imekufa." Yasema, "Hawa wawili hawalingani tena." Mara nyingi aliyelegea ni altaneta au mkanda wake, na betri ndiyo inayodhulumiwa.

Fundi akanieleza na jambo jingine ambalo sikulijua maisha yangu yote. Katika magari mengi ya aina hiyo, umeme mdogo upitao ndani ya taa ile ndio unaoishtua altaneta ianze kufanya kazi. Taa ni shahidi, na pia ina mkono katika kazi. Sasa fikiria wale madereva wetu ambao wakichoshwa na taa huitoa globu yake. Mtu adhani amenyamazisha kelele, kumbe huenda ameikata njia ya altaneta kuamka. Hata anayebandika kipande cha plasta juu yake ana nafuu kuliko huyo, ingawa wote wawili wamemfunga mdomo shahidi badala ya kumsikiliza. Magari mapya yana kompyuta inayotawala mambo haya, na vipimo vyao vyaweza kupanda na kushuka kwa makusudi. Huko fundi hana budi kulijua gari lenyewe. Lakini kanuni haibadiliki: pima kwanza, hukumu baadaye.

Nikamwuliza kwa nini asifanye kama mafundi wengi wafanyavyo, akachomoa waya wa betri gari likiwa linanguruma ili aone kama litazimika. Akanitazama kama niliyetukana. Kipimo hicho, alisema, ni kama kumpiga mtu rungu ili ujue kama yu hai. Betri ndiyo ituliayo mawimbi ya umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafula umeme huruka juu, ukaunguza vyuma vidogo vya ndani ya altaneta na hata kompyuta ya gari. Tena cheche karibu na betri ni hatari, kwa maana betri ikijazwa umeme hutoa hewa ya haidrojeni, na hewa hiyo hulipuka.

Basi akaondoa waya hasi wa betri, gari likiwa limezimwa, akaifungua altaneta, na kwa bisibisi akatoa kijumba kidogo kutoka mgongoni mwake. Ndani mlikuwa na vijiwe viwili vya makaa, mafundi huviita brashi, ambavyo hugusa mhimili unaozunguka na kuupelekea umeme. Vilikuwa vimelika, vimebaki vifupi kuliko ukucha wangu. Ndiyo sababu kokoto ziliwasha taa na shimo likaizima: vikitikiswa viligusa, vikaacha, vikagusa tena. Akatafuta katika mkebe, akatoa vingine vizima alivyovihifadhi kutoka kwenye altaneta iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Akafunga, akawasha. Taa ikazimika. Mita ikasoma 14.1. Jua lilikuwa lingali juu ya ziwa, urefu wa mikono miwili hivi.

AIBU YANGU

Sasa nifike pale panaponiuma, maana makala haya sikuyaandika kwa ajili ya vijiwe vya makaa.

Nilimwuliza, "Ni kiasi gani, fundi?" Akasema elfu moja na mia tano. Nami, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, nikaanza kupatana. Nikasema, "Fundi, vijiwe viwili tu hivi, tena vya zamani? Chukua mia saba."

Hakukasirika. Aliendelea kujifuta mikono kwa kitambaa, akasema kwa upole, "Mzee wangu, ningalikwambia altaneta nzima imekufa nikakuuzia nyingine, ungalinilipa hata elfu kumi na usingesema neno."

Wallahi nilinyamaza. Asubuhi ile ile nilitoa elfu tisa na mia tano kwa kitu nisichokihitaji, kwa mtu asiyepima wala kuuliza, na sikuomba hata senti apunguze, kwa sababu alinikabidhi kitu kizito mkononi. Huyu aliyeniondolea dhiki yenyewe nikambania, kwa kuwa alichonipa hakina uzito. Alinipa ujuzi. Nikamlipa elfu mbili, nikamwomba radhi, naye akakimbia kwenda kuoga kabla Sabato haijaingia.

Hili ndilo neno langu leo. Twawalaumu mafundi wetu kuwa ni waongo, kwamba ukimpelekea gari linalokohoa hukuorodheshea vipuri kumi. Kweli wapo waongo. Lakini nani aliyewafunza? Ni sisi wateja. Twalipia vitu, hatulipii macho. Fundi akipima nusu saa akakwambia, "Gari lako ni zima, kaza skrubu hii," twamwambia, "Ahsante, Mungu akubariki," tukaondoka. Baraka haipiki ugali. Kesho, ili apate chakula cha wanawe, atakuuzia betri. Tumeifanya kweli kuwa biashara ya hasara, kisha twashangaa kwa nini haiuzwi.

Na sisi tulioketi chuoni mbele ya walimu wetu tulifundishwa tangu utotoni kwamba haki ya mfanyakazi hailiwi wala haicheleweshwi. Mbona twafikiri haki hiyo ni ya jasho la mgongo tu? Mganga wa hospitali humlipa kwa kukutazama hata akikukuta mzima. Fundi naye amwangalia mgonjwa asiyeweza kusema pamwumapo wapi.

BETRI ILIYOTUPWA YAENDA WAPI?

Yuko atakayeniambia, "Bwana, pesa zilizopotea ni zako, sisi zatuhusu nini?" Zawahusu. Betri yangu ya zamani, ambayo naamini ilikuwa haina kosa ila njaa, ilibaki katika duka lile. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na risasi hiyo huyeyushwa ikatumika tena. Katika kiwanda chenye kuchunga sheria hilo ni jambo jema. Katika kiwanda kisichochunga ni sumu.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa. Kitongoji cha Owino Uhuru, huko Mikindani, kilikaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Risasi iliingia katika damu za watoto. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga aliugua, alisimama kuwatetea wakazi, akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirejesha hukumu hiyo.

Sisemi kwamba kila betri inayobadilishwa humdhuru mtoto wa mtu. Betri ikifika mwisho wake sharti ibadilishwe, na irudishwe kwa wale wenye idhini ya kuipokea. Nasema kwamba betri iliyohukumiwa bila ya kosa ni risasi iliyotiwa njiani bila ya sababu, na mwisho wa njia hiyo yaweza kuwa mlango wa mnyonge. Uvivu wa kupima una gharama, na mara nyingi anayeilipa siye aliyefanya uvivu.

NIFANYEJE TAA IKIWAKA?

Kwa faida ya msomaji nitataja machache niliyoyashika. Taa ikiwaka safarini, itazame kwanza mishale ya joto. Katika magari mengi mkanda uzungushao altaneta ndio uzungushao pampu ya maji. Ukikatika, injini yaweza kuungua kwa dakika chache. Joto likipanda, simama papo hapo. Ikiwa joto liko sawa, zima redio, feni na kila kisichohitajika, wala usizime injini ovyo, kwani huenda isiwake tena. Elekea kwa fundi aliye karibu. Mchana betri nzima yaweza kukufikisha mwendo wa kadiri; usiku, taa za mbele zikiwaka, itakuacha gizani mapema, na pengine katikati ya barabara. Ukifika kwa fundi, umweleze ilivyoanza. Mwulize, "Umepima? Imesoma ngapi injini ikiwa imezimwa? Ngapi ikinguruma?" Asiyekuwa na mita na asiyetaka kuuliza, mwage kwa heri. Na aliyepima, mlipe kwa kupima kwake, hata kama hakukuuzia kitu.

Tulilala Sori usiku ule. Usiku ulikuwa wa giza, na kutoka barazani kwa mpwa wangu niliziona taa za wavuvi wa omena zikielea mbali juu ya maji, kama mji mwingine uliojengwa ziwani. Nyingi katika hizo, nilijiambia, zimepita mikononi mwa yule fundi. Alfajiri, baada ya swala, tulimlaza mgonjwa kwenye kiti cha nyuma juu ya mito miwili, tukashika njia. Jumapili usiku tulivuka Mariakani taa za mbele zikiwa zinang'ara, na Jumatatu saa mbili za asubuhi mpwa wangu alikuwa mbele ya daktari wake.

Dada yangu alipouliza gharama za safari, nilimtajia mafuta, chakula na malazi. Ile elfu tisa na mia tano sikumtajia. Hiyo nimeiandika kwa jina langu mwenyewe, ni ada ya masomo.